Kifusi Kinafika Wapi? Swali la Lisbon ambalo bado tunalipigia hesabu

Mwezi Januari 1756, miezi mitatu haijatimia tangu tetemeko kubwa liivunje Lisbon, makasisi wa parokia za Ureno walipokea karatasi ya maswali kutoka serikalini. Maswali yalikuwa 13. Tetemeko lilianza saa ngapi, na lilidumu kwa muda gani? Nyumba ngapi zimeanguka katika parokia yako? Wamekufa watu wangapi? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Halafu kuna swali la pili, ambalo wengi hulipita haraka: je, ilionekana kwamba msukumo ulikuwa mkubwa zaidi kutoka upande mmoja kuliko mwingine, na je, vifusi viliangukia zaidi upande mmoja?

Hilo swali la pili ndilo limenifanya niandike makala hii. Aliyelitunga alishajua kwamba majengo yameanguka. Alitaka kujua yameangukia wapi.

Tukisema "jengo limeanguka", wengi wetu tunapiga picha ya kitu kilichoshuka chini pale pale kilipokuwa, kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika. Lakini jengo ni tani mamia kwa mamia za mawe, tofali na zege zilizopandishwa juu na kushikiliwa huko. Likipoteza miguu, mzigo ule wote lazima uende mahali. Kiasi kinabaki ndani ya msingi, kiasi kinaenda kwa jirani, na kiasi kinamwagika mtaani. Na mtaani ndiko waliko watu waliofanikiwa kutoka nje, na ndiko itakakopita gari la zimamoto na la wagonjwa. Umbali kutoka mstari wa ukuta hadi tofali la mwisho, kwa mita, ndio unaoamua kama mtaa bado ni njia au umekuwa kaburi. Namna ya kuukadiria umbali huo ina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Turudi Lisbon. Tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na tetemeko lilipiga baada ya saa tatu na nusu asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa. Mtaa wa Baixa, uliolala bondeni kati ya vilima, ulikuwa na vichochoro vya tangu enzi za kati, nyumba ndefu zikitazamana kwa karibu. Waliokimbia kutoka ndani walikutana na kuta zikishuka juu yao katika vichochoro hivyo. Waliopenya walikwenda kwenye uwanja wa wazi kando ya mto, Terreiro do Paço, wakaona wako salama. Kisha maji ya bahari yakaja. Na kwa siku zilizofuata, karibu wiki nzima, moto uliendelea kuteketeza mji ambao vichochoro vyake vilikuwa vimejaa mawe. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wanahistoria hadi leo wanabishana juu ya idadi.

Tunapolisimulia tetemeko la Lisbon, kawaida tunazungumzia Voltaire na mjadala wa wanafalsafa kuhusu Mungu na uovu. Sawa, ni mjadala mzuri. Lakini mimi nadhani mtu wa kuvutia zaidi katika kisa hiki ni mzee mmoja aliyekuwa karibu kutimiza miaka 80, Manuel da Maia, mhandisi mkuu wa ufalme. Tarehe 4 Desemba 1755, mwezi mmoja na siku chache baada ya janga, alikuwa ameshawasilisha sehemu ya kwanza ya andiko lake kuhusu namna ya kuujenga mji upya. Sehemu nyingine zikafuata mwaka 1756. Waziri aliyeshika hatamu, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye tulimjua kama Marquês de Pombal, alihitaji mtu wa kumpa machaguo, na da Maia akampa.

Machaguo yalikuwa haya. Kuujenga mji kama ulivyokuwa. Kuujenga kama ulivyokuwa lakini mitaa ipanuliwe. Kupanua mitaa na pia kupunguza urefu wa nyumba. Kubomoa Baixa yote na kuchora mitaa mipya iliyonyooka. Au kuiacha kabisa na kujenga mji mpya upande wa Belém. Lililochukuliwa ni lile la nne, na ndiyo maana ukiitazama Baixa leo kwenye ramani unaona mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu.

Ndani ya andiko hilo kuna wazo moja dogo ambalo ndilo kiini cha kila kitu: urefu wa nyumba usizidi upana wa mtaa ulio mbele yake. Mitaa mikuu ilipangiwa upana wa viganja 60 vya Ureno, yaani takriban mita 13, viganja 40 vya magari ya farasi katikati na 10 vya waenda kwa miguu kila upande. Wazee wale hawakuwa na mlinganyo wowote wa kifusi. Walikuwa na jiometri ya mtoto wa shule: ukuta ukilala chali bila kuvunjika, ncha yake inafika umbali ulio sawa na urefu wake. Basi kama mtaa una upana huo, aliyesimama mlangoni upande wa pili anaweza kupona.

Da Maia alifikiria pia kifusi chenyewe kama mali. Baixa ilikuwa chini sana, maji yalikuwa karibu, hivyo alipendekeza mawe ya mji wa zamani yatumike kuinua na kusawazisha ardhi ya mji mpya. Kwa hiyo, ukitembea Rua Augusta leo, unatembea juu ya Lisbon iliyoanguka. Ndani ya kuta mpya waliweka fremu ya mbao yenye misalaba ya kukatana, inayoitwa "gaiola", yaani tundu la ndege, ili mawe yakimomonyoka mbao zibaki zimeshikilia sakafu. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuizunguka. Kama ni kweli au ni hadithi tamu tu, sitabishana nayo.

Sasa tuijaribu kanuni yake. Jiometri ya ukuta unaolala chali ni hali moja tu ya kuanguka. Kwa jumla naona kuna tabia tatu. Ya kwanza ni ukuta kulala nje, mzima au vipande vikubwa, na hapo kipimo ni urefu wake. Ya pili ni vipande kuruka: tofali, vigae, mapambo ya juu. Ya tatu ni jengo zima kujikunja chini na kuwa rundo, na rundo hilo likamwagika pembeni kama mchanga uliomwagwa na lori. Kila moja ina hesabu yake.

Tuanze na rundo, maana ndilo linaloziba barabara. Chukua jengo la ghorofa nne, urefu mita 12, upana wa kutoka mbele hadi nyuma mita 10. Katika kukadiria kifusi cha kubeba kwa malori, wakala wa maafa wa Marekani, FEMA, hutumia kanuni rahisi: ujazo wa kifusi ni takriban theluthi moja ya ujazo wa jengo, kwa sababu jengo zima kwa kweli ni hewa iliyozungushiwa kuta. Ukilikata jengo letu kama mkate, kila kipande cha unene wa mita moja kina mita za ujazo 120, na kifusi chake ni kama 40. Hizo 40 zinatakiwa zikae kwenye msingi wenye upana wa mita 10, na pande zake ziteremke kwa mshazari. Mshazari ukiwa nyuzi 45, hesabu inatoa mmwagiko wa mita 3 hivi kila upande. Ukiwa nyuzi 30, mmwagiko unakaribia mita 5.

Weka jengo kama hilo pande zote mbili za mtaa. Mtaa wa mita 6 umeisha: hata kwa nyuzi 45 marundo mawili yanakutana katikati. Mtaa wa mita 12, yaani ule wa kanuni ya da Maia ambapo upana ni sawa na urefu, unabaki na mita 6 katikati kama pembe ni nyuzi 45. Lakini pembe ikishuka hadi 30 inabaki chini ya mita 3. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5. Linapita kwa kunusanusa, na dereva awe fundi kweli.

Ona ilivyo: jengo lile lile, mtaa ule ule, na kitu pekee kilichobadilika ni pembe ya kutulia ya kifusi. Mawe ya mviringo yaliyojengwa kwa udongo hutiririka na kulala. Mapande makubwa ya zege yenye nondo hushikana na kusimama wima zaidi. Ndiyo maana mtu akikuletea makadirio ya kifusi yenye tarakimu moja tu, bila kusema jengo limejengwa kwa nini, mtilie shaka.

Vipande vinavyoruka vina historia yao, na hapa anaingia mtu niliyempenda sana katika kusoma, Robert Mallet, mhandisi wa Ireland. Alikuwa tayari na tabia ya kufanya mambo kwa vitendo: mwaka 1849 alilipua baruti katika ufuko wa Killiney, karibu na Dublin, ili apime kasi ya mawimbi yanayopita mchangani. Tarehe 16 Desemba 1857 tetemeko likaua watu zaidi ya 10,000 kusini mwa Italia, wengi wao katika vijiji vya milimani vya Basilicata. Mallet akaomba msaada wa fedha kwa Royal Society ya London, akapewa pauni 150, na mapema 1858 alikuwa tayari huko, majira ya baridi, akienda kijiji hadi kijiji na daftari lake.

Alichofanya ni kulijibu swali la pili la Pombal, miaka 100 baadaye, kwa hesabu. Alipima nyufa zinaelekea wapi. Alipima jiwe la pambo lililokuwa juu ya nguzo ya lango limetua umbali gani kutoka chini ya nguzo. Wazo ni hili: kitu kikiachia kutoka juu, muda wa kuanguka unategemea kimo tu. Kutoka mita 4, muda ni kama sekunde 0.9. Ikiwa jiwe limetua mita 1.2 mbali na nguzo, basi lilipoachia lilikuwa likienda pembeni kwa kasi ya kama mita 1.3 kwa sekunde. Kasi hiyo imetoka wapi? Kwa tetemeko. Kumbe kila jiwe lililoanguka ni kipimo kilichoachwa bila mtu kukiweka. Kwa maelfu ya alama kama hizo Mallet alichora mistari kwenye ramani, akatafuta inapokutana, akapata kitovu, na akakadiria kwamba chanzo kilikuwa kilometa kama 10 chini ya ardhi. Kitabu chake cha mwaka 1862, juzuu mbili zenye picha, ni kati ya misingi ya elimu ya matetemeko, na hata jina la fani hiyo katika lugha za Ulaya linatokana naye.

Alikosea? Kwa sehemu, ndiyo. Alichukulia kwamba ardhi husukuma mara moja upande mmoja, kama mtu anayevuta kitambaa cha meza. Ardhi kwa kweli hucheza kila upande, na jengo lenyewe hujibu kwa mtikisiko wake, kwa hiyo jiwe la juu ya mnara linapokea mtikisiko wa mnara kuliko wa ardhi. Vipimo vya kisasa vya mitetemo vilipokuja, mawe ya Mallet yakastaafu. Lakini hesabu yake ukiigeuza bado inafaa. Mallet alijua umbali akatafuta kasi. Sisi tunakisia kasi tukatafuta umbali. Tofali linaloachia kutoka mita 12 na kasi ya pembeni ya mita 3 kwa sekunde litatua karibu mita 4.7 kutoka ukutani. Na litagonga ardhi likienda zaidi ya kilometa 50 kwa saa, kama pikipiki ya mjini.

Karne ya 20 nitaipitisha haraka mpaka mwisho wake. Tarehe 28 Desemba 1908, alfajiri, Messina na Reggio Calabria ziliporomoka, na watu zaidi ya 75,000 wakafa. Amri ya kifalme ya Aprili 1909 ikaweka kanuni kwa maeneo yale: nyumba isizidi ghorofa mbili, chini na juu, urefu usizidi mita 10, na mitaa mipya isipungue mita 10 kwa upana. Ukisoma namba hizo unamwona da Maia amekaa pembeni. Kumi kwa kumi, nyuzi 45. Italia iliendelea kufunganisha urefu wa jengo na upana wa mtaa katika kanuni zake za matetemeko kwa sehemu kubwa ya karne ile.

Kisha Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko liliangusha kabisa nyumba zaidi ya 100,000, na watu zaidi ya 6,400 wakafa, wengi wao kwa kubanwa na kukosa hewa ndani ya nyumba zao. Nyumba za zamani za mbao zilikuwa na paa zito la vigae lililokaliwa kwa udongo, maana ujenzi ule ulifikiria kimbunga kuliko tetemeko. Na kuna jambo la kimuundo ambalo yeyote mwenye duka mtaani angepaswa kulijua: nyumba yenye duka chini ina uwazi mkubwa upande wa mtaa na ukuta imara upande wa nyuma. Ikitikiswa, inajipinda kuelekea upande dhaifu. Upande dhaifu ndio upande wa mtaa. Kwa hiyo nyumba hazikuanguka kwa bahati nasibu kila upande. Nyingi ziliinamia pale watu wanapopita.

Mitaa ya mita 4 ilifungwa kwa wingi. Katika kata ya Nagata moto ulipita nyumba hadi nyumba, mabomba ya maji yamekatika chini ya ardhi, magari yamekwama nyuma ya marundo. Ni baada ya Kobe ndipo watafiti wa Japani walipoanza kuligeuza suala hili kuwa somo kamili: kila mtaa una uwezekano gani wa kufungwa, kutokana na upana wake, umri wa nyumba zake na aina ya ujenzi? Jibu si tena ndiyo au hapana. Ni asilimia. Na asilimia hizo zikiunganishwa katika ramani ya mji mzima unaweza kuuliza swali ambalo zimamoto wanalihitaji hasa: kutoka kituo chetu hadi hospitali, kuna uwezekano gani kwamba angalau njia moja itabaki wazi?

Katika miaka hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Hatem Tagel-Din na Kimiro Meguro walitengeneza mbinu ya kompyuta inayoligawa jengo kuwa vipande vidogo vilivyounganishwa kwa springi za kimahesabu. Springi zikikatika, vipande vinaachana, vinagongana na kuanguka, na mwisho unaona rundo limelala vipi. Mbinu za kawaida za uhandisi zilikuwa hodari sana kueleza jengo hadi sekunde linapoanza kuvunjika, halafu zinanyamaza. Sisi tunaotaka kujua kifusi kinafika wapi, kazi yetu inaanza pale zinaponyamaza. Siku hizi wapo hata wanaotumia programu za fizikia zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta na filamu, kwa sababu zile zilitungwa mahsusi kurusha vitu na kuvigonganisha.

Ila mfano unaoniuma kuliko yote hauhitaji kompyuta. Ni Christchurch, New Zealand.

Tarehe 4 Septemba 2010, saa 10 na dakika 35 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea magharibi mwa mji. Kuta za mbele za maduka ya zamani ya matofali, yasiyo na nondo, zilimwagika kwenye njia za miguu. Hakuna aliyeuawa na kifusi. Kulikuwa na giza, watu wamelala, mitaa mitupu. Asubuhi wakazi waliona matofali juu ya magari yaliyoegeshwa na wakashukuru Mungu. Kisayansi, ile ilikuwa zawadi adimu sana: jaribio kamili, la ukubwa halisi, likionyesha kwa mita kila aina ya ukuta humwaga wapi, bila gharama ya roho hata moja.

Tarehe 22 Februari 2011, saa 6 na dakika 51 mchana, jaribio lilirudiwa. Tetemeko hili lilikuwa dogo kwa kipimo cha ukubwa, 6.2, lakini lilikuwa karibu na mji na halikuwa na kina kirefu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana siku ya kazi. Watu 185 walikufa. Wengi wao, 115, walikuwa katika jengo moja, lile la CTV, na 18 katika la PGC. Lakini takriban 40 waliuawa na majengo ya zamani ya matofali, na wengi kati ya hao hawakuwa ndani ya majengo hayo. Walikuwa njiani, kwenye gari, au katika jengo la jirani.

Katika mtaa wa Colombo ukuta wa mbele wa jengo moja ulianguka juu ya basi na watu waliokuwa kando yake. Watu 12 walikufa. Mmoja tu alitolewa hai katika basi, Ann Brower, mhadhiri wa chuo kikuu. Jengo lilikuwa limeshaharibiwa na matetemeko yaliyotangulia na lilijulikana kuwa na hatari. Tume ya Kifalme ya uchunguzi ilieleza kwamba uzio uliowekwa haukwenda mbali kiasi cha kutosha. Ulizuia watu wasipite chini kabisa ya ukuta. Haukuzuia magari yasipite pale ukuta ungefika.

Hapo ndipo historia yote hii inakuwa jambo la mtu kushika futi mkononi. Uzio uwekwe mita ngapi? Wazimamoto wa nchi nyingi wana kanuni yao ya mkono: eneo la hatari mbele ya jengo linaloweza kuanguka ni mara moja na nusu ya urefu wake. Moja ni ya ukuta unaolala, kama alivyojua da Maia. Nusu ni ya vipande vinavyoruka na kuviringika, kama alivyopima Mallet. Kwa jengo la mita 10, ni mita 15, na katika mtaa wa kawaida wa maduka hiyo maana yake ni kufunga barabara yote na duka la ng'ambo pia. Sasa fikiria wewe ndiye ofisa wa mji, wenye maduka wanalia biashara imekufa, na kila siku inayopita bila tetemeko inakufanya uonekane mwoga. Uzio husogea karibu na ukuta kidogo kidogo. Hesabu inajulikana; kinachokosekana ni mtu wa kuvumilia lawama zake.

Brower alikwenda kubishana na Bunge. Hoja yake ilikuwa rahisi: kuimarisha jengo zima ni ghali na kunaweza kuchukua miaka, lakini kilichoua watu mtaani ni sehemu za nje na za juu, hususan kile kiukuta kifupi kinachosimama juu ya paa kwa urembo tu. Kiukuta cha matofali chenye kimo cha mita moja na unene wa tofali moja la kulala, kila mita yake ina uzito wa karibu kilo 400, kimekaa pale bila kushikwa na chochote, mahali ambapo jengo hutikisika zaidi. Kifunge kwa chuma, au kishushe. Sheria ya mwaka 2016 ilikubali: majengo ya matofali yasiyo na nondo, yaliyo kando ya njia zenye watu wengi, yapewe nusu ya muda. Katika maeneo yenye hatari kubwa sheria hiyo iliweka miaka 7 na nusu badala ya 15. Kipengele hicho wenyeji wanakiita kwa jina la Brower. Na baada ya tetemeko la Kaikōura la Novemba 2016, wenye majengo ya aina hiyo katika mitaa kadhaa ya Wellington walipewa mwaka mmoja tu kufunga kuta zao za mbele, serikali ikichangia sehemu ya gharama.

Huku kwetu? Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kujeruhi mamia. Nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa za chini, kuta za tofali za kama mita 3, na kwa nyumba kama hizo kanuni ya moja na nusu inatoa mita 4.5. Yaani ukitoka mlangoni ukasimama barazani kumsubiri jirani mshangae pamoja, bado uko ndani ya eneo la kifusi. Vuka ua, nenda kwenye migomba.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kisa kigumu zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili, na haikuwa tetemeko, ilikuwa uchakavu. Upande ule kuna nafasi, Forodhani iko wazi. Lakini ingia ndani ya mji, katika vichochoro vya mita 2 au 3 vyenye nyumba za mawe na chokaa za mita 10 kila upande. Kanuni ya da Maia hapo haina pa kushika. Huwezi kupanua kichochoro bila kuua mji wenyewe, na uzio wa mita 15 ungefunga vichochoro vitano.

Miji ya kale ya Italia ina vichochoro vya namna hiyo hiyo, na huko kwa karne nyingi mafundi wamepitisha fimbo za chuma kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kwenye usawa wa sakafu na wa paa, kisha wakazikaza kwa nje. Ukuta unaotaka kulala mtaani unavutwa na mwenzake wa nyuma. Ukipita chini yake unaona ncha tu: bamba la chuma lenye umbo la X au S, limeota kutu, limebanwa ukutani juu ya dirisha.